Mwanangu ni kipa wa sentimita 177: je, vyuo vya Marekani vitamtaka?

SWALI: Kocha, salamu kutoka Ohio. Sisi ni Wakongo, familia ya watoto wanne. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 16, yuko darasa la 10, ni golikipa wa shule na wa klabu. Ana sentimita 177. Baba yake ana 180, mimi nina 166. Wiki iliyopita kocha wake wa klabu alimwambia kwamba kwa urefu huo asahau kudaka chuoni, ahamie beki ya pembeni. Tangu siku hiyo mtoto hali chakula vizuri. Naomba unipe ukweli. Urefu una uzito gani? Bado ataongezeka? Kuna dawa au mazoezi ya kumrefusha? Na je, aache golini?
Mama wa kipa

JIBU: Mama, pole kwa mtoto, na asante kwa kutoa vipimo vya wazazi wote wawili. Vitatusaidia. Mimi nafundisha makipa, na nilipokuwa nadaka nilikuwa na sentimita 179, kwa hiyo maneno aliyoambiwa kijana wako nimewahi kuambiwa na mimi.

Urefu una uzito, tena mkubwa, ila sehemu kubwa ya uzito huo iko kabla mpira haujapigwa. Kocha wa chuo hupokea barua pepe nyingi za makipa kuliko anavyoweza kuzisoma. Goli ni moja. Timu hubeba makipa watatu au wanne, na kuna mwaka hahitaji hata mmoja. Akikaa mbele ya rundo lile usiku, amechoka, njia nyepesi ya kulipunguza ni kuangalia namba ya urefu. Aliye chini ya futi 6, yaani sentimita 183, mara nyingi hatazamwi hata video yake. Si haki, lakini ndivyo ilivyo kwenye timu nyingi za wanaume za Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo Marekani. Zipo takriban 200, na ukifungua orodha za wachezaji wao utaona makipa wengi wameandikwa kati ya futi 6 na futi 6 na inchi 4. Tena nafasi hizo anazigombea na vijana kutoka Ulaya ambao wengine wanafika wakiwa na miaka 20.

Ukishuka kwenda Divisheni ya Pili, ya Tatu, vyuo vya NAIA (chama kingine cha michezo ya vyuo, chenye vyuo vidogo) na vile vya miaka miwili, mlango unapanuka. Huko kipa wa 178 au 180 si kioja. Divisheni ya Tatu haitoi ufadhili wa michezo hata senti, lakini vyuo vyake vinatoa misaada kwa alama za darasani na kwa hali ya kipato cha familia. Nimeona wazazi wakilipa kidogo huko kuliko ambavyo wangelipa kwenye timu kubwa iliyowapa kipande cha ufadhili. (Kwa wasomaji wenye mabinti: kwa wasichana kipimo ni kingine, makocha wengi hutazama kuanzia sentimita 170 hivi. Briana Scurry, aliyepangua penalti ya China kwenye fainali ya Kombe la Dunia la 1999, ana kama 173, naye alitokea Chuo Kikuu cha Massachusetts.)

Sasa kukua. Madaktari wana hesabu nyepesi ya kukadiria: unajumlisha urefu wa baba na wa mama, kwa mvulana unaongeza 13, halafu unagawa kwa mbili. Kwenu ni 180 na 166 na 13, jumla 359; nusu yake ni 179 na nusu. Hiyo ndiyo katikati. Mtoto anaweza kuishia juu yake au chini yake kwa sentimita 8 hivi. Jiulize mwenyewe: suruali zake za mwaka jana bado zinamfikia? Kama alirefuka ghafla akiwa na miaka 12 au 13, sauti imekwisha kuwa nzito na ndevu zimeota, kilichobaki ni kidogo. Kama alichelewa, bado kuna matumaini. Daktari anaweza kupiga picha ya eksirei ya kifundo cha mkono wa kushoto na kuona kama mifupa imefunga. Mimi singeitafuta picha hiyo kwa sababu ya mpira tu.

Dawa za kurefusha zinazouzwa mtandaoni, mama, usinunue. Kuning'inia kwenye chuma hakurefushi mifupa. Kinachomsaidia ni chakula cha kutosha, na usingizi wa saa nane au tisa, ambao vijana wengi wa umri wake wanaula kwa simu. Mpangie maisha ya mpira kwa sentimita 179. Zikija zaidi, ni heri.

Tuingie golini, maana hapa ndipo kocha wake alipokosea. Goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Kipa akisimama katikati ya mstari, kila nguzo iko mita 3.66 kutoka kwake. Ukilinganisha kipa wa 177 na wa 190, mikono ikinyooshwa juu, tofauti ni kama sentimita 17. Nyingi, hakuna ubishi. Lakini tazama: mshambuliaji yuko na mpira mita 16 mbele ya goli, katikati. Kipa akitoka mita 2 kumfuata, eneo la kuziba linapungua kutoka mita 3.66 kila upande hadi 3.20. Amejipatia sentimita 46 kila upande kwa hatua mbili za mguu, karibu mara tatu ya kile alichonyimwa na urefu. Na kwa shuti la moja kwa moja, hata kimo cha kuziba kinashuka kutoka mita 2.44 hadi 2.13 hivi. Hofu inayobaki ni mpira wa kuchopwa. Ule huenda polepole, na kipa mwenye miguu myepesi anayerudi kwa kuvusha mguu mmoja mbele ya mwingine, bila kukimbia kinyumenyume, ana muda wa kuufikia.

Kwenye penalti ni vivyo hivyo. Mpira wa kilomita 100 kwa saa unamaliza mita 11 kwa sekunde 0.4. Nusu ya muda huo jicho na ubongo tayari zimeutumia. Hakuna urefu unaomfikisha mtu kwenye nguzo kwa sekunde 0.2 zilizobaki. Anayedaka penalti ni yule aliyesoma nyonga na mguu wa kusimamia wa mpigaji.

Krosi ndizo zinazowatisha makocha wa chuo, na hofu yao ina msingi. Soka la vyuo Marekani lina kona nyingi, mipira mirefu ya kurushwa, na vijana wa miaka 22 wenye vifua vya mabondia waliojazana kwenye boksi dogo. Hata hivyo, hebu tupime. Kipa wa 177 akinyoosha mikono anafika kama mita 2.30. Akiruka nusu mita, mikono yake iko mita 2.80. Mshambuliaji wa 190 akiruka sentimita 60, utosi wake uko mita 2.50. Kipa bado yuko juu yake kwa sentimita 30. Basi kwa nini makipa wafupi wanafungwa mipira ya kona? Kwa sababu wamechelewa kuondoka, au wameruka kwa miguu miwili wakiwa wamesimama, au wamegongwa na beki wao wenyewe. Kipa mrefu ana akiba: akikosea nusu hatua, mkono unamwokoa. Kijana wako hana akiba hiyo. Lazima asome mpira ukiwa bado mguuni mwa mpigaji, aondoke kwa kukimbia, aruke kwa mguu mmoja huku goti la pili likiwa juu kumkinga, na aamue mapema kama anadaka au anapiga ngumi. Ngumi zake ziwe mbili, zipeleke mpira nje ya boksi, kuelekea pembeni. Kutema mpira katikati ya goli ndiko kunakoua jina la kipa mfupi, kwa sababu kila mtu atasema ni urefu.

Kwa hiyo kama ningekuwa naye, nusu ya kila zoezi kwa miezi sita ingekuwa krosi, tena za kusukumwa: wawili wanamsumbua kwa mito ya mazoezi huku mpira ukija kutoka pande zote. Mara mbili kwa wiki gimu, miguu na mgongo, chini ya mtu anayejua kufundisha vijana. Kuna sehemu moja ambayo sitamdanganya: shuti kali linalopinda kwenda kona ya juu, pale nguzo inapokutana na mtambaa wa panya. Hapo wa 190 atafika kwa ncha za vidole na yeye hatafika. Mabao ya namna hiyo yapo. Ni machache kuliko yale yanayotokana na kusimama pabaya.

Mpime pia upana wa mikono. Asimame ukutani, mikono wazi, upime kutoka ncha ya kidole cha kati hadi nyingine. Kuna vijana wa 177 wenye upana wa 186. Kama ni wake, namba hiyo iandikwe kwenye barua kwa kocha, kando ya urefu.

Watu watakutajia majina kukupoza. Wewe Mkongo unamjua Robert Kidiaba wa TP Mazembe: hakuwa mrefu kwa kipa, na mwaka 2010 alidaka mpaka fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, timu ya Afrika ikifika hapo kwa mara ya kwanza. Kwetu Tanzania tulikuwa na Juma Kaseja. Kwa Marekani mfano ulio karibu zaidi na mwanao ni Nick Rimando, mwenye kama 178, aliyepitia chuo kikuu cha UCLA, akawa mchezaji bora wa fainali ya MLS, ligi kuu ya Marekani, ya mwaka 2009 iliyoamuliwa kwa penalti, na akastaafu 2019 akiwa na mechi 514 za ligi hiyo. Nawapenda makipa hawa. Lakini usimlishe mtoto majina hayo kama ahadi, kwa sababu unawajua kutokana na uchache wao. Mfano ambao ningependa auangalie ni wa kipa mrefu, Matt Turner. Ana zaidi ya 190, alisoma Fairfield, chuo ambacho si kigogo wa soka, na mwaka 2016 hakuna timu ya MLS iliyomchagua kwenye usajili wa wanavyuo. Miaka sita baadaye alidaka mechi zote nne za Marekani kwenye Kombe la Dunia la Qatar. Urefu wote ule haukumtosha kuonekana; kilichomfikisha ni chuo kilichompa goli adake.

Na hilo ndilo ningelifukuzia: mahali atakapocheza. Kipa hukomaa kwa mechi. Miaka minne ya kukaa benchi kwenye timu yenye uwanja mzuri ni hasara kwake.

Makocha wa Divisheni ya Kwanza wanaruhusiwa kuanza kuzungumza na mchezaji wa soka tarehe 15 Juni baada ya darasa la 10, yaani kiangazi hiki kwa mwanao. Yeye hazuiwi kuwaandikia kabla ya hapo. Aandike mwenyewe, si wewe. Aweke urefu wa kweli, futi 5 na inchi 10, asiongeze hata inchi moja. Kocha atamwona kambini, na uongo wa inchi mbili utamfanya ashuku na mengine. Video iwe ya dakika nne, na ianze na krosi, krosi tupu kama nane au kumi, kwenye mechi halisi. Makipa wengi huanza na kuruka kwa picha nzuri. Mwanao aanze na lile shaka ambalo kocha tayari analo moyoni. Kisha ana kwa ana na mshambuliaji, kisha mpira mguuni, na mwisho linki ya video ya mechi nzima, ikiwezekana moja ambayo alifungwa, kocha aone anavyonyanyuka. Darasani, NCAA inadai masomo 16 ya msingi na wastani wa alama (GPA, ya juu ikiwa 4.0) usiopungua 2.3 kwa Divisheni ya Kwanza, 2.2 kwa ya Pili. Alama nzuri zitamfungulia milango ambayo urefu umeifunga. Na kama mna kadi ya ukaazi wa kudumu, jazeni mapema FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali wa kulipia chuo.

Angalia pia kambi za kulipia ambazo vyuo huzitangaza. Barua ya mwaliko inayoanza na "mpendwa mchezaji" wametumiwa mamia. Lipa ile tu ambayo kocha wa makipa amemjibu kwa jina na ametaja kitu alichokiona kwenye video.

Aache golini? Hapana, mama. Si kwa 177 akiwa na miaka 16, na si kwa neno la mtu mmoja. Kama mwenyewe anapenda kucheza beki, hiyo ni habari nyingine, na muulize siku atakayokuwa ametulia. Kwa kocha wa klabu, nenda kwa heshima umuulize ni mabao gani ya msimu huu ambayo mtu wa 190 angeyazuia na mwanao hakuyazuia. Itazameni video pamoja.

Na siku kocha wa chuo atakapopiga simu, kijana aulize kabla ya jambo jingine lolote: mna makipa wangapi, na kila mmoja yuko mwaka wa ngapi?