Kioo cha mbele kimevunjika: bima inalipa kiasi gani?

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu kioo cha mbele cha gari: nani hulipa, kiasi gani, na kwa nini madai mengine hurudi na pengo. Tumechagua sita.

Gari langu lina bima ya komprehensivu, yaani bima kubwa inayolipia hata uharibifu wa gari langu mwenyewe. Jiwe lililorushwa na gurudumu la lori lilipasua kioo cha mbele nikiwa karibu na Gilgil. Kioo kipya pamoja na ufundi kimenigharimu shilingi 85,000, lakini kampuni imenilipa 50,000 tu. Wakala anasema ndivyo mkataba ulivyo. Je, nimedhulumiwa? — Msomaji, Nakuru

Hukudhulumiwa, ingawa wakala wako alipaswa kukueleza haya siku ya kulipia na si siku ya kudai. Ndani ya bima ya komprehensivu, kioo kina mfuko wake peke yake, na mfuko huo una kikomo. Kampuni nyingi za Kenya huweka kikomo cha bure, yaani usichokilipia zaidi, cha kati ya shilingi 30,000 na 50,000. Kioo kikipita hapo, kinachozidi ni chako, hata kama gari lenyewe limekatiwa bima ya milioni mbili.

Kikomo hicho kinaweza kuongezwa, na bei yake si ya kutisha. Kiwango kilichozoeleka ni asilimia 10 ya kile kinachozidi kikomo cha bure. Kwa kioo chako: 85,000 toa 50,000 ni 35,000, na asilimia 10 yake ni shilingi 3,500 kwa mwaka. Tozo za mafunzo (asilimia 0.2) na za mfuko wa fidia kwa wenye bima (asilimia 0.25) zinaongeza kama shilingi 16 hivi. Kwa 3,500 hizo usingetoa 35,000 mfukoni.

Huenda unajiuliza kwa nini hizo 35,000 zisilipwe kutoka bima kuu ya gari. Kwa kawaida mkataba hauruhusu: kioo kikivunjika peke yake, dai linabaki kwenye mfuko wa kioo. Na mpangilio huo una faida yake. Dai la kawaida la uharibifu wa gari lina eksesi, yaani sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, ambayo kwa magari ya binafsi mara nyingi ni asilimia 2.5 ya thamani ya gari na haishuki chini ya 15,000. Gari la 1,200,000 lingekukata 30,000 kabla kampuni haijatoa hata senti. Juu ya hapo ungepoteza punguzo la kutodai, yaani nafuu ya bei anayopewa asiyedai. Dai la kioo peke yake, katika mikataba mingi, halina eksesi wala haligusi punguzo hilo. Lakini ukigonga, boneti ikakunjika na kioo kikapasuka kwa pigo lilelile, yote yanaingia kwenye dai kuu na eksesi inakatwa.

Sasa jambo ambalo wengi hulipata wakiwa wamechelewa. Mfuko ukishalipa, umekwisha. Kioo cha pili ndani ya mwaka uleule hakina bima mpaka uujaze tena, aghalabu kwa asilimia 10 ileile ya kiasi kilicholipwa. Uliza leo kama wako umejazwa, maana barabara hiyo ya Gilgil bado unaipita.

Kabla ya kuhuisha bima, tafuta bei halisi ya kioo chako. Chukua namba ya chasi na upige picha maandishi madogo kwenye kona ya chini ya kioo, halafu uende nayo kwa muuza vioo. Mwambie akuandikie bei ikiwa na kila kitu: kioo, gundi, mpira wa pembeni, ufundi na kodi ya ongezeko la thamani. Mpira wa pembeni ndio husahaulika zaidi, kwa sababu ukitolewa hukatika na haurudi. Kiasi hicho ndicho kiandikwe kwenye jedwali la mkataba, kwenye mstari wa kioo. Maneno ya wakala kwenye simu hayatoshi. Mwombe akutumie jedwali lenyewe.

Kioo cha gari langu kina kidonda kidogo kama nyota, pana kama sarafu. Nikidai nibadilishiwe kioo kizima nitakubaliwa? Au nisubiri kwanza? — Mama wa watoto wawili, Eldoret

Usisubiri, dada, na pia usikimbilie kubadilisha. Kioo cha mbele ni tabaka mbili za kioo zilizoshikwa katikati na utando wa plastiki wenye unene usiofika milimita moja. Jiwe dogo hupasua tabaka la nje tu. Kidonda kisichozidi kama milimita 25, kisicho ukingoni wala mbele ya macho ya dereva, huzibwa kwa rezini: fundi ananyonya hewa iliyomo ndani ya ufa, anasukuma rezini, kisha anaikausha kwa taa ya urujuanimno. Kazi yote haichukui saa nzima. Alama hafifu itabaki, lakini ufa hautaendelea. Kampuni za bima nazo hupenda njia hii kwa sababu ni rahisi kuliko kioo kipya, basi uliza kama watailipia bila kumaliza kikomo chako.

Kuna mambo mawili yatakayokuharibia kabla hujafika kwa fundi. La kwanza ni maji na vumbi: yakiingia kwenye ufa, rezini haitashika vizuri. Bandika utepe angavu juu ya kidonda leo hii, na usioshe gari. La pili ni baridi ya asubuhi ya Eldoret. Kioo kikiwa baridi kama barafu, kisha upulize hewa moto kwa nguvu au umwagie maji ya moto, upande mmoja hutanuka kabla ya mwingine na ufa hukimbia mpaka ukingoni mbele ya macho yako. Ukifika ukingoni, rezini haisaidii tena. Pasha gari polepole.

Na kama bima yako inakaribia kwisha, ziba sasa. Kampuni mpya itakagua gari na kupiga picha, na ufa uliokuwepo kabla ya bima haulipwi.

Nina thad pati pekee. Kokoto kutoka lori zimepasua kioo changu. Nidai wapi? — Msomaji, Voi

Kwenye bima yako, hakuna. Thad pati ipo kwa ajili ya wengine; sheria ya Kenya, Sura ya 405, inalazimisha kukinga majeraha na vifo vya watu, na mikataba huongeza mali ya watu wengine. Kioo chako hakimo.

Je, bima ya mwenye lori? Inategemea kokoto zilitoka wapi. Zikirushwa na gurudumu kutoka barabarani, ni vigumu sana kuthibitisha kuwa dereva alikosea. Zikimwagika kutoka kwenye mzigo usiofunikwa turubai, una hoja. Hapo unahitaji namba ya lori, picha ya mzigo ulivyo, shahidi mwenye simu inayopatikana, na ripoti ya polisi siku ileile. Usimfukuze kwa mwendo wa kasi ili kupata namba.

Hapa Dar es Salaam nimeagiziwa Subaru yenye kamera mbili juu ya kioo. Nina bima kubwa. Kioo kikivunjika, kuna tofauti gani na gari la kawaida? — Kijana wa Kinondoni

Tofauti ni kubwa, hasa kwenye bei. Kamera hizo za EyeSight, mfumo wa Subaru wa kumsaidia dereva, zinatazama barabara kupitia kioo, na kupinda kidogo tu kwa kioo, ambako jicho lako halikuoni, kunazifanya zikadirie umbali vibaya. Kwa hiyo kioo chenyewe kinapaswa kuwa kile kilichotengenezwa kwa gari lenye kamera, na baada ya kukifunga kamera zinahitaji kupimwa na kurekebishwa upya kwa kifaa maalumu. Kazi hiyo ina bili yake.

Waulize kampuni ya bima maswali mawili, na wakujibu kwa maandishi: kikomo cha kioo kwenye mkataba wako ni shilingi ngapi, na je, urekebishaji wa kamera unahesabiwa ndani ya dai la kioo? Bei ya fundi inapoandikwa, urekebishaji uwe mstari wake humohumo. Ukipeleka risiti yake baadaye, peke yake, ni rahisi kukataliwa.

Ukiletewa kioo, angalia kona. Magari mengi ya Japani yana vioo vilivyoandikwa LAMISAFE mbele na TEMPERLITE milangoni: cha kwanza ni cha tabaka, cha pili ni kile kinachovunjika vipandevipande kama punje za mahindi. Cha mbele kisichokuwa cha tabaka kikatae papo hapo.

Nilibadilishiwa kioo kwa bima miezi mitatu iliyopita. Mvua ikinyesha, zulia la upande wa abiria linalowa. Bima wanasema si jukumu lao. — Msomaji, Likoni, Mombasa

Kwa kuvuja wana hoja, kwa sababu huo ni ufundi mbovu, na bima hulipia kuvunjika. Lakini kama fundi yuko kwenye orodha yao, au walimlipa moja kwa moja, waandikie wao na yeye pamoja na kudai kazi irudiwe. Ambatisha video: mtu amwage maji polepole juu ya ukingo wa kioo, akianzia chini akipanda juu, mwingine akiwa ndani na tochi. Tone la kwanza linapotokea ndipo penye kasoro.

Chanzo huwa kimoja kati ya vitatu. Fundi alikata gundi ya zamani mpaka kwenye chuma badala ya kuacha milimita moja au mbili za kushikilia gundi mpya. Au kisu kilikwaruza rangi na hakupaka praima, na kwa hewa ya chumvi ya Mombasa kutu huanza chini ya gundi na kuinyanyua. Au alimimina gundi kwa vipande, ikaacha nafasi pale alipoanza na alipomalizia. Usikubali kuzibiwa kwa silikoni kwa juu. Silikoni hufunika maji yasionekane huku kutu ikiendelea kula, na kioo kilichoshikwa vibaya hakitauhimili mfuko wa hewa wa abiria, ambao katika magari mengi hujitegemeza kwenye kioo unapofumuka.

Kikifungwa upya, muulize fundi muda wa kusubiri kabla ya kuendesha. Umeandikwa kwenye mrija wa gundi. Gundi hii hukauka kwa unyevu wa hewa, hivyo pwani huwahi kuliko bara kwenye baridi kavu. Siku ya kwanza acha dirisha wazi kidogo, usibamize milango, na usipeleke gari kuoshwa kwa maji ya presha.

Wezi wamevunja kioo cha mlango na kuchukua redio. Ni mfuko uleule wa kioo cha mbele? — Msomaji, Kisumu

Soma maneno ya mkataba. Mkataba ukisema kioo cha mbele pekee, mlango haumo. Ukisema vioo vya madirisha, umo. Redio ina kikomo chake tofauti, na kwa wizi utahitaji abstrakti ya polisi, ambayo kioo kilichovunjwa na jiwe kwa kawaida hakihitaji. Vioo vya kutazamia nyuma vya pembeni havihesabiwi kama madirisha. Vikiibwa hudaiwa kama wizi wa vipuri, na mara nyingi kwa eksesi. Piga picha kabla ya kufagia vipande, na usimruhusu fundi aanze kazi kabla ya kampuni kukubali bei aliyokuandikia.