Kushangilia mapema si kosa

Ndugu, unasema sisi mashabiki wa Sydney Swans, timu ya ligi ya kandanda ya Kiaustralia (AFL), tulijidanganya kwa kushangilia katikati ya msimu wa 2024. Hapana. Timu imeshinda mechi 13 kati ya 14, ulitaka tunune? Na ushindi wenyewe ulikuwa mtamu kutazama: mwamuzi akishadunda mpira pale katikati, kiungo wetu Heeney keshaunasa, anaupiga ngumi kumpa mwenzake, na Chad Warner anachomoka nao mbio hakuna wa kumshika. Safu yetu ya kiungo ilikuwa moto kweli kweli, na Gulden naye hakuwa mtu wa mchezo.

Mambo yalianza kuharibika kwa tofauti ndogo sana. Fremantle walitushinda kwa pointi 1, St Kilda kwa 2, na huu ni mchezo ambao goli moja tu ni pointi 6. Baadaye Port Adelaide (huko ndiko alikokuwa Aliir Aliir, mzaliwa wa kambi ya Kakuma, Kenya, aliyewahi kuvaa jezi yetu) wakatutandika kwa pointi 112. Hapo ndipo pa kuogopa, siyo Juni.

Hata hivyo tulimaliza kileleni mwa msimamo wa ligi kabla ya hatua ya mtoano. Fainali Brisbane Lions wakatuchapa 120 kwa 60, nao walikuwa wameanza msimu kwa kupoteza mechi tatu mfululizo! Kwa hiyo timu yako ikiwaka sasa, ishangilie kwa nguvu zote. Kombe hutafutwa Septemba, lakini nafasi ya kulitafuta huchumwa miezi ya kabla yake.