Kabla Hujawasha Kerezo, Pima Mti Wako

Jumatatu asubuhi nilipata ujumbe wa kijana mmoja wa Muheza. "Shikamoo kaka. Nimekereza taa ya mezani kwa mtiki, ikatoka safi, nikampelekea mama. Wiki ya pili imepasuka kutoka juu hadi chini. Nimekosea wapi?" Niliusoma mara tatu, chai ikapoa mezani. Taa ya namna hiyo naijua, maana mimi mwenyewe niliwahi kuitengeneza, mwaka 2019.

Masika ya mwaka ule tawi la mwembe lilianguka uani kwetu, hapa Kihonda, Morogoro. Lilikuwa nene kama paja la mtu mzima. Dada yangu alikuwa anaolewa mwezi wa sita, na kerezo, mashine inayozungusha mti huku ukiuchonga, nilikuwa nimeshalipata: fremu ya chuma iliyochomelewa mtaani, mota ya hospawa moja, mkanda na puli tatu. Nikakata gogo la sentimita 40, nikalibana kati ya ncha mbili, nikawasha.

Aliyewahi kukereza mti mbichi anaijua raha yake. Bobari, ile patasi ya kukerezea, inaingia kama kisu kwenye papai, maranda yanatoka marefu kama utepe, yamelowa, yanakuganda mikononi. Jioni moja tu umbo lilikuwa limekamilika: kitako kipana, tumbo kama la mtungi, shingo nyembamba. Nikapiga vanishi mikono mitatu. Siku ya harusi watu waliishika, wakaigeuza, wakauliza imenunuliwa wapi. Nilijisikia mkubwa, sifichi.

Wiki tatu baadaye nikaenda kumsalimia dada. Taa iko nyuma ya mlango, imegeuzwa uso ukutani. Ufa wake ungemeza sarafu ya shilingi mia, na ndani unauona waya mwekundu. Dada hakusema neno. Shemeji ndiye aliyeniambia, kwa upole, kwamba waliogopa watoto wa jirani wangeingiza kidole. Nikaibeba hadi kwa fundi mmoja wa siku nyingi nikamwombe ushauri. Aliitazama, akaiweka chini, akasema mbele ya vijana wake wote, "Mwalimu, rudi kwenye chaki." Wakacheka. Miaka imepita na bado kicheko kile nakisikia kila nikishika bobari.

Lakini hakunieleza sababu, kwa hiyo nimeitafuta mwenyewe. Mti ukikauka husinyaa, na hausinyai sawasawa. Kuizunguka duara ya pete zake husinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka ganda kuelekea kiini. Gogo zima lenye kiini katikati halina pa kukimbilia, lazima lifunguke. Vanishi haizuii, inachelewesha tu, na kuchelewesha ndiko kulikonidanganya hadi siku ya harusi ikapita.

Tangu hapo sikerezi gogo zima. Nalipasua katikati ya kiini, sehemu ya kiini naitupa jikoni, vipande vinavyobaki navipaka nta ya mshumaa kwenye vichwa vyote viwili, kwa sababu huko ndiko maji hutoka mbio na nyufa huanzia huko. Kisha kivulini, penye upepo, si juani. Na napima. Kipande changu cha kwanza cha mwembe nilikipima kwa mizani ya jikoni kila Jumapili na kuandika ubavuni kwa penseli: kilo 3.4, kilo 3.2, kilo 3.1, nikaendelea hivyo miezi minane hadi 2.3. Kilipokaa kwenye 2.3 Jumapili tatu mfululizo, nikajua kimekauka. Namba zile zilijaa ubavu mzima, na siku ya kukikereza niliona uchungu kuziondoa.

Mdogo wangu wa Muheza, mtiki wa Longuza, lile shamba la miti la huko kwenu, ni mti mzuri, lakini kama mbao imetoka shambani juzi, ni mbichi tu kama mwembe wangu. Mafundi wengi husema mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Pima. Tena mtiki una chembe kama za mchanga ndani yake, hula makali, kwa hiyo noa mara kwa mara. Ukipata mabaki ya mninga mkavu, anza nayo, maana mninga husinyaa kidogo na hukerezeka vizuri.

Tundu la waya nalo limewashinda wengi. Ukitoboa urefu wote kwa drili, biti huhama na kutokea ubavuni. Mimi nachukua mbao mbili, nachimba mfereji katikati ya kila moja, nazigandisha kwa gundi mifereji ikitazamana, halafu naziba vichwa kwa vijiti vigumu ili ncha za kerezo zipate pa kushika. Nikimaliza navitoboa. Kitakoni weka mpira pale waya unapotokea. Kama plagi ina fyuzi ya ampea 13, itoe fyuzi hiyo uweke ya ampea 3, inatosha taa ya mezani na zaidi.

Kuhusu usalama sitabembeleza mtu. Miwani. Barakoa, hasa ukikereza mvule, vumbi lake huwasha kifua. Usivae glovu wala mikono mirefu mbele ya kitu kinachozunguka. Vijana mnanitumia video mkikereza na shati limefunguliwa vifungo, linapepea! Mnataka karakana zenu wenyewe, mnataka oda, nami nawaombea mzipate, lakini anayeshindwa kufunga vifungo vya shati atashindwa pia kusubiri mti miezi minane. Subira hiyo ndiyo kazi yenyewe. Pima, subiri, pima tena.

Mwezi uliopita nyumba moja ya wageni chini ya milima ya Uluguru imechukua taa zangu sita, zote mninga. Ile ya mwembe wa kilo 2.3 iko sebuleni kwa dada, tena juu ya meza, na mwanawe anaisomea.

Wewe wa Muheza, kama kipande cha mbao hiyo kimebaki, nipigie picha kichwa chake, upande uliokatwa kwa msumeno, tuone kiini kilikuwa wapi.