Trekta la mtumba haliwaki: usikimbilie oveholi

Ndugu, umesema Kubota uliyonunua imekaa nje misimu miwili, inapiga selfu vizuri ila haiwaki, na fundi anataka kufungua injini yote kuitengeneza upya (oveholi); pia umeuliza kuhusu rota (zana yenye visu vinavyozunguka kutifua udongo), jembe la sahani tatu na kulimia watu kwa kukodi. Mwambie fundi asubiri kwanza.

Dizeli iliyolala muda huo huwa imeshika maji na uchafu. Mwaga tangi lote, weka filta mpya, kisha toa upepo ulionaswa kwenye njia ya dizeli: legeza nati pale kwenye filta mpaka dizeli itoke bila mapovu, ukaze, halafu uhamie kwenye bomba za nozeli (zinazopuliza dizeli ndani ya injini) huku mwenzio akipiga selfu. Mikono na uso viwe mbali, ile dizeli inatoboa ngozi. Kabla ya yote chomoa kijiti cha oili. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, usiwashe. Likiwaka na moshi ukafoka kwenye mfuniko wa oili, ringi za pistoni zimechoka, hapo fundi ana hoja.

Kuhusu rota: matrekta mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana spidi kadhaa za shafti ya nyuma, ile inayozungusha zana. Zana nyingi za madukani ni za mizunguko 540 kwa dakika, kwa hiyo tumia spidi ya chini. Jembe la sahani tatu achana nalo, trekta ni jepesi. Kulimia watu kwa kukodi? Maliza ekari zako kwanza.