Jibu: Utando wa PEDOT:PSS unabanduka ukilowa jasho
Salaam mkuu. Nimekuelewa hivi: kihisi chako cha ngozini kinasoma vizuri kikiwa kikavu, lakini jasho likija usomaji unahama na utando wa PEDOT:PSS (polima inayopitisha umeme) unaanza kubanduka kwenye plastiki uliyoupaka juu yake.

Achana na saketi kwanza, anza na utando. PSS, sehemu moja ya polima hiyo, inapenda maji, kwa hiyo bila kiunganishi (kemikali ya kuufunga utando usiyeyuke na ushike) utando huvimba na kuachia. Hukutaja kama uliweka GOPS, ambayo ndiyo kiunganishi kinachotumika sana. Mimi huweka takriban asilimia 1 ya ujazo wa mchanganyiko, kisha naoka kwenye nyuzi 140 za Selsiasi kwa saa moja. Usizidishe: utando utashika sana lakini upitishaji umeme utashuka, na hilo nalo linaumiza. Kama plastiki yako ni PET (ile ya chupa za maji), angalia isijikunje kwa joto hilo; poliimidi, plastiki nyingine, inalivumilia.

Kisha loweka kipande kwenye maji ya chumvi usiku kucha, upime ukinzani kabla na baada. Ukibaki palepale na usomaji bado unahama, shuku elektrodi rejea (ile ambayo volti nyingine hupimwa dhidi yake) ya fedha na kloridi ya fedha, maana kiwango cha kloridi kwenye jasho hubadilika na kuhamisha volti yake. Weka vipimo hapa tuvitazame.