Uzamili wa uhandisi wa umeme kwa mtandao: majibu kwa wasomaji wa Unguja na Pemba

Nina diploma ya umeme kutoka Taasisi ya Karume na miaka minane kazini. Naweza kuingia uzamili moja kwa moja? (Fundi, Mwanakwerekwe)

Vyuo vingi vitakukatalia, kaka yangu. Vinataka shahada ya kwanza ya uhandisi wa umeme au fani inayokaribiana nayo. Upo mlango mmoja ninaoujua: Chuo Kikuu cha Colorado Boulder cha Marekani, kupitia Coursera (jukwaa la masomo ya mtandaoni), hakiombi transkripti, yaani hati ya alama zako za chuo. Unalipia kozi za mwanzo, ukizipita kwa wastani wa 3.0 unapokelewa. Lakini usitoe hata senti kabla hujawauliza TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa maandishi kama shahada ya njia hiyo wataitambua, na jibu lao ulihifadhi. Namjua kijana aliyemaliza fedha za karafuu za msimu mzima kwa chuo ambacho baadaye hakikutambuliwa. Nikimkumbuka naumia hadi leo.

GPA yangu (wastani wa alama) ni 3.4, vyuo vya Marekani vinataka 3.0. Si nimeshapita? (Mhitimu, Chake Chake)

Bado, dada. Ya kwako ni 3.4 katika 5, ya kwao ni 3.0 katika 4. Kwa mizani yetu, 3.4 yako ni daraja la pili la chini. Usiigeuze mwenyewe kwa kikokotoo, maana wao huangalia alama za somo moja moja. Kama hisabati na saketi ulipata A na B, waoneshe hizo, na barua za wadhamini wako zitaje kazi uliyoifanya, si tabia njema tu.

Nimesoma kompyuta. Nitakubaliwa? (Jang'ombe)

Inawezekana, ila utaulizwa kalkulasi, milinganyo ya tofauti, aljebra ya mstari, saketi, ishara na mifumo, na sumaku-umeme. Usiyonayo utayasoma kwanza. Matokeo ya TOEFL au IELTS, mitihani ya Kiingereza, hudumu miaka 2, kwa hiyo usikimbilie kuufanya mtihani huo kabla hujajiandaa kuomba.

Barua yangu ya dhamira inaanza: "Tangu utotoni napenda umeme." Inafaa? (Wete)

Sentensi hiyo ifute, mwanangu. Wanaoisoma barua wanataka kujua ni tatizo gani unalotaka kulifanyia kazi, na sisi tunalo. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa kiza miezi mitatu kwa hitilafu ya waya wa baharini unaotuletea umeme kutoka Bara. Pampu zilisimama, watu wakapanga foleni ya madumu. Pemba iliungwa na Tanga mwaka 2010, na Unguja ikapata waya mpya wa megawati 100 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba mwaka 2013. Sasa, waya mrefu wa baharini hufanya kazi kama kapasita, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji: usiku, matumizi yakishuka, volteji ya upande wa pili huelekea kupanda, na ndiyo maana hufungwa riakta (koili kubwa) za kuishusha. Ongeza paneli za jua mchana, hesabu inazidi kuwa ngumu. Pima volteji ya soketi ya nyumbani kila saa kwa wiki nzima, chora grafu, kisha andika aya moja juu ya ulichokiona. Barua ianze hapo. Nimesoma barua nyingi za vijana wetu wenye akili zilizojaa sifa za chuo kinachoombwa, na kisiwa chao hakimo hata kwa neno moja.

Mtihani wa mtandaoni husimamiwa kwa kamera na umeme hukatika. Nifanyeje? (Mkoani)

Nunua UPS (betri ya akiba ya umeme) itakayobeba laptopu na ruta, na weka bando kwenye simu kama akiba. Angalia na saa: kipindi cha saa kumi na mbili jioni New York kwetu ni saa saba usiku, na majira yao ya baridi huwa saa nane. Chagua programu inayorekodi vipindi. Mwandikie mratibu kabla muhula haujaanza, umueleze hali ya umeme na umuulize mtihani ukikatika katikati utarudiwa vipi. Jaribio la kamera lifanye siku mbili kabla, saa ile ile ya mtihani, kwenye meza ile ile utakayokalia.