Kundi Letu Hukatika Pale Lami Inapoishia

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni waendesha baiskeli kumi na mmoja kutoka Ujiji na Mwanga. Hivi karibuni tulipanda kwa barabara ya lami ya Manyovu, kupitia Mwandiga hadi Kalinzi, kisha tukateremka kwa njia za vumbi za vijijini. Kabla ya kufika nusu ya mteremko tulikuwa tumegawanyika makundi matatu, tyubu mbili zilikuwa zimetoboka, na kijana mmoja aliteleza kwenye kokoto akachubuka mkono vibaya. Tunaye pia mzee wetu wa miaka 58 ambaye baiskeli yake haina gia. Tunataka kurudia safari hiyo mwezi Julai. Je, tujaze upepo kiasi gani, nani atangulie, na mzee wetu abaki nyumbani?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Ndugu msomaji, poleni, na mfikishieni kijana pole zangu. Kwa jinsi ulivyoeleza, mlima haukuwashinda. Kutoka usawa wa Ziwa Tanganyika, ambao ni mita 770 hivi juu ya bahari, hadi vilima vya kahawa vya Kalinzi vinavyopita mita 1,500, mlipanda zaidi ya mita 700 mkiwa pamoja, mkaja kukatika pale ardhi ilipobadilika. Kwenye lami, mwenye nguvu humwacha mwenzake polepole na kila mmoja huona. Kwenye kokoto tofauti ya ujuzi na ya tairi hujitokeza ghafla, na walio nyuma huanza kuteremka kwa mwendo usio wao ili wasiachwe. Wengi huangukia hapo. Kwa hiyo, kila mnapotoka kwenye lami kuingia kwenye vumbi, na kila njia inapogeuka kuwa ya mawe, simameni wote, mhesabiane, mnywe maji, ndipo muondoke.

Kituo cha kwanza cha namna hiyo ndicho mahali pa kurekebisha upepo. Tairi yenye upana wa inchi 2, ikiwa imebeba mtu wa kilo 70 hivi, hutulia kwenye lami kwa paundi 40 hadi 45 kwa inchi ya mraba. Mkiingia kwenye kokoto ipunguzeni hadi paundi 30 au 35, ili mpira uyalalie mawe badala ya kurukaruka juu yake, lakini msizidishe. Zitazameni tena zile tyubu mbili: mkikuta matundu mawili yaliyo sambamba, tyubu ilibanwa kati ya rimu na jiwe kwa sababu upepo ulikuwa mdogo, tundu moja kwa kawaida ni la mwiba au msumari.

Mteremko ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Breki zinazobana rimu hupata moto zikishikiliwa mfululizo, na moto huo unaweza kupasua tyubu, kwa hiyo bana kisha achia, bana kisha achia. Punguzeni mwendo kabla ya kona, baiskeli ikiwa bado imenyooka, kwa maana gurudumu la mbele likikazwa breki juu ya kokoto wakati mtu amelala upande, humwangusha kabla hajatambua kilichotokea. Nadhani ndivyo alivyoanguka kijana wenu. Pedeli zote mbili ziwe usawa mmoja, makalio yainuke kutoka kwenye kiti na kusogea nyuma, viwiko na magoti vilegee. Julai ni kiangazi, na anayetangulia hutimua vumbi linaloficha mashimo, hivyo acheni mita 20 au zaidi kati ya mtu na mtu bila hofu ya kupoteana, maana mtahesabiana mbele. Mkiwakaribia wanaoteremsha ndizi kwa baiskeli, pigeni kengele mapema na muwaachie njia, kwani mzigo ule hausimami kwa urahisi.

Anayetangulia awe mwenye subira na anayeijua njia. Mwenye nguvu kuliko wote awe wa mwisho, akiwa na pampu, viraka, solusheni na spana, kwa sababu ndiye atakayeweza kuziba pancha ya mwenzake kisha akawafikia wengine.

Mzee asibaki nyumbani. Fundi aikague kwanza mipira ya breki zake, hasa kama ni breki za vyuma za baiskeli za zamani, na palipo na mteremko mkali ashuke akokote, akiwa na mwenzake mmoja. Kigoma jua huchomoza karibu saa 1 asubuhi, kwa hiyo kuondoka saa 11 alfajiri ni kujitia gizani bure, ondokeni kunapopambazuka. Mkifika Mwandiga, mwacheni mzee na mwenzake watangulie kwa nusu saa huku ninyi mkipumzika. Mtawakuta kwenye mlima, naye ataingia Kalinzi pamoja nanyi.